Kengele ya Tarehe 29 Juni: Walimu, Chama Chao na Hesabu Iliyosimama

Jumatatu ya tarehe 29 Juni 2020 kengele zililia tena katika shule za Tanzania Bara, baada ya kimya cha siku mia moja na nne. Nasema kengele kwa mazoea tu. Katika shule nyingi za bara kengele ni ringi ya gurudumu la gari iliyotundikwa kwenye tawi la mwembe, na anayeipiga ni kiranja mwenye kipande cha nondo, kwa amri ya mwalimu wa zamu. Siku hiyo amri ilitoka mbali zaidi. Ilitoka Dodoma, ilikotamkwa tarehe 16 Juni na Rais John Pombe Magufuli alipokuwa akilihutubia Bunge kwa kuliaga. Kati ya tamko na kengele zilipita siku kumi na tatu.

Swali ninalotaka kulichungua ni la kihistoria. Katika siku hizo kumi na tatu, na katika miezi iliyozitangulia na kuzifuata, sauti ya mwalimu ilikuwa wapi? Sisemi sauti ya mwalimu mmoja mmoja, maana hiyo haikosekani. Mwalimu hunung'unika ofisini, sokoni na msikitini kama wanadamu wote. Nasema ile sauti ya jumla, ambayo watu huiundia chama ili iwe kubwa kuliko koo la mtu mmoja.

Nitalitazama jambo hili kutoka Nyabibuye, na msomaji wa visiwani ana haki ya kuuliza kwa nini huko. Nyabibuye ni kata ya wilaya ya Kakonko, katika nyanda za juu za Kigoma, si mbali na mpaka wa Burundi. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Kibondo. Kakonko ilikatwa humo mwaka 2012. Wenyeji ni Waha, na nchi yao ya jadi iligawanyika katika himaya kadhaa za wami: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu upande huu wa Kakonko. Sisi wa pwani twaijua Kigoma kwa Ujiji, kwa misafara iliyotoka Bagamoyo na kuacha huko misikiti, minazi na lugha. Lakini Ujiji iko ziwani. Huko juu Kiswahili kilichelewa kupanda, na kilipopanda kilibebwa kwa sehemu kubwa na mwalimu wa shule ya msingi, aliyempokea mtoto wa darasa la kwanza akiwa na Kiha kitupu mdomoni. Wapenzi wa lugha hii tuna sababu ya kumjali mwalimu huyo kuliko tunavyofanya. Na kuna sababu ya pili: usalama wa mtu kazini haupimwi pale waziri anapopita na wapiga picha, bali pale ambapo gari la halmashauri hufika mara moja kwa muhula.

Buha imewahi kupewa amri kwa ajili ya maradhi kabla ya hapo. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa Kibondo katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale, ili pori lenye mbung'o lisiwe na damu ya kunywa. Watu waliacha viwanja vya babu zao na kujenga mahali walipoonyeshwa. Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, nao wakasogezwa tena, safari hii si kwa ajili ya mdudu bali kwa ajili ya maendeleo, na vijiji vikubwa vikazaliwa kandokando ya barabara. Kisha ikafuata shule. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza watoto wote wasome, na mwaka 1977 ikaanza Elimu ya Msingi kwa Wote, ile tuliyoizoea kwa herufi zake tatu, UPE. Walimu walitafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa wakiwa kazini, na jina la "mwalimu wa UPE" likawa nusu sifa, nusu kejeli. Ada ilipofutwa katika shule za msingi mapema miaka ya 2000, watoto waliongezeka. Ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, wakaongezeka tena. Kila mara watoto walitangulia, vyumba vikafuata kwa mbali, na mwalimu akaja mwisho.

Kwa hiyo mwaka 2020 darasa la bara lilikuwa limekwisha jengwa na historia. Kiwango cha serikali kinasema watoto 45 kwa chumba kimoja cha shule ya msingi. Katika mikoa kama Kigoma chumba chenye watoto mia si jambo la kuandikia gazeti. Dawati la watu watatu hukaliwa na wanne au watano, na walio mbele kabisa huketi sakafuni, magoti yao yakigusa viatu vya mwalimu. Malale yaliwataka watu wakaribiane; korona iliwataka watengane. Umma uliosogezwa pamoja kwa muda wa miaka themanini uliambiwa siku moja uachiane nafasi ya mita moja.

Nani alikuwa amlinde mwalimu wa darasa la namna hiyo? Jibu la kawaida ni chama chake. Hapa nitachukua nafasi, kwa kuwa habari hii haielezwi mara nyingi katika kurasa za mashairi, na ina mizizi Unguja.

Chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika ya Waingereza kilianzishwa Tanga mwaka 1922. Aliyekuwa nguzo yake ni Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kusoma Kiungani. Wanachama wake walikuwa makarani na walimu, watu waliovaa kanzu iliyopigwa pasi na kuandika barua za heshima kwa wakubwa. Chama hicho kilikuwa na maktaba, timu ya mpira na adabu nyingi. Hakikuwa na mgomo. Baadaye, katika miaka ya 1950, vyama vya wafanyakazi vilikuja na ukali wake, na uhuru ukaja navyo. Lakini baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 vyama vyote vilivunjwa na kuwekwa kimoja tu, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. NUTA ilizaa JUWATA mwaka 1978, na JUWATA ikazaa OTTU mwaka 1991. Ilipofika 1993 ndipo Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kikasimama kama chama cha walimu peke yao. Hesabu mwenyewe, msomaji: kwa muda wa takriban miaka thelathini mwalimu wa Tanganyika alikuwa na chama kilichokuwa kiungo cha serikali ileile iliyomwajiri. Tabia ya miaka thelathini haitoki kwa kubadilisha herufi mlangoni.

Hata hivyo CWT si chama kidogo. Asilimia mbili ya mshahara wa mwalimu hukatwa kila mwezi kabla hajauona, na kwa makato hayo chama kilijenga jumba Ilala na kuanzisha benki yenye jina la Mwalimu. Kimewahi pia kuthubutu. Jumatatu ya tarehe 30 Julai 2012 walimu waligoma nchi nzima. Madai yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia mia moja, posho ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Hilo la mwisho ndilo lililomhusu mwalimu wa Nyabibuye: malipo ya kuishi pasipo umeme, pasipo nyumba, kwa kusafiri kutwa nzima kufuata mshahara benki. Siku chache baadaye mahakama ya kazi iliamua kuwa mgomo si halali, na walimu wakarudi darasani. Nadhani mgomo ule ulikufa zaidi ya mara moja: ulikufa mahakamani Agosti 2012, kisha ukaendelea kufa mioyoni kwa miaka minane, hata ulipofika wakati wa kusema jambo lisilo la fedha, bali la uhai, watu walikuwa wamekwisha jifunza gharama ya kusema.

Buyungu yenyewe iliwahi kumpeleka bungeni mtu aliyetoka katika uongozi wa chama hicho. Mwaka 2015 jimbo lilimchagua Kasuku Bilago wa upinzani, ambaye watu walimwita Mwalimu Bilago, na hoja za walimu alizisema bungeni kwa sauti ya mtu aliyeshika chaki. Alifariki Mei 2018. Alipoingia mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, jimbo lenye Nyabibuye lilikuwa limekwisha mkosa.

Mgonjwa huyo alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, msafiri aliyetua kutoka Ubelgiji na kupokewa Arusha. Aliyemtangaza ni Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, na sikumbuki nchi nyingine ambayo hata jina la waziri wa afya lilitoka darasani. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alizifunga shule kuanzia za awali hadi kidato cha sita kwa siku thelathini, na siku iliyofuata zikafuata vyuo. Nasi visiwani tulizifunga zetu, maana elimu ya shule si jambo la Muungano lakini maradhi hayajui katiba. Siku thelathini zilipokwisha, kufungwa kukaongezwa bila tarehe.

Watazame waliokuwa mezani. Majaliwa alikuwa mwalimu kwa taaluma, na kabla ya siasa alikuwa katibu wa CWT, wa wilaya kisha wa mkoa. Rais alikuwa mwalimu; alisomesha kemia na hisabati Sengerema mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alikuwa profesa, na mwishoni mwa mwaka huohuo akawa mbunge wa Kasulu Mjini, jirani kabisa na habari yetu. Rais wa kwanza wa nchi hii aliacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 na bado hatumwiti kwa jina jingine. Rais wa pili, Mzee Mwinyi, alikuwa mkuu wa skuli ya Mangapwani. Yaonekana hakuna taifa lililompa mwalimu heshima kubwa namna hii. Mwalimu akipanda huitwa Mwalimu hadi kaburini. Mwalimu asiyepanda hubaki na ringi yake ya gurudumu na watoto mia. Heshima ya neno ilikuwa imechukuliwa yote juu, na huko chini haikubaki hata ya kuulizwa: je, mko tayari kufungua?

Lakini sitaki kuacha hisia zifanye kazi ya hoja. Kuna jambo mahususi lililotokea, nalo ndilo kiini cha makala haya. Tarehe 29 Aprili 2020 serikali ilitoa hesabu yake ya mwisho ya kitaifa: wagonjwa 480, waliofariki 16. Zanzibar ilitoa yake ya mwisho Mei 7, na jumla ikafika wagonjwa 509, waliofariki 21. Baada ya hapo hesabu ikasimama. Mwanzoni mwa Mei Rais alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara na kurudi na majibu ya ugonjwa, na imani katika vipimo ikavunjwa hadharani. Julai mwaka huo zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kueneza habari za mlipuko wa maradhi bila idhini ya mamlaka husika. Kwa zaidi ya mwaka dunia iliendelea kuisoma Tanzania kwa tarakimu moja, 509, kama saa ya ukutani iliyokufa betri.

Chama cha wafanyakazi hula tarakimu. Hakiwezi kusema mshahara hautoshi bila bei ya unga, wala hakiwezi kusema kazi ina hatari bila hesabu ya walioumia. Hesabu iliposimama Aprili, hoja ya usalama wa walimu ilisimama nayo, kabla hata ya mtu yeyote kukatazwa kuitoa. Mwanzoni mwa Juni CWT ilifanya mkutano wake mkuu Dodoma, walimu kutoka kila pembe ya nchi wakiwa katika ukumbi mmoja, na Rais akawahutubia. Hiyo ndiyo iliyokuwa nafasi ya kuuliza. Siku mbili au tatu baadaye Rais alitangaza kanisani kwamba korona imeondoka kwa sala. Kidato cha sita na vyuo walikwisha rudi tangu tarehe 1 Juni. Waliobaki wangerudi tarehe 29. Nchi iliyo na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003 ilifungua sehemu zake za kazi zilizo nyingi kuliko zote, yaani madarasa, bila mizani ya hatari mezani.

Kwa uadilifu ni lazima niseme upande wa pili. Shule zilizofungwa nazo zilikuwa na hatari yake. Mkoa wa Kigoma mwaka 2020 ulikuwa bado haujaungwa na gridi ya taifa. Masomo ya televisheni yalikuwa hadithi ya watu wa mjini. Mtoto wa kike aliyekaa nyumbani miezi mitatu katika kijiji cha mpakani alikuwa karibu na ndoa au mimba kuliko na kitabu. Uganda, iliyofunga Machi 2020 na kufungua kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, ilivunja rekodi ya dunia, na ililipa kwa watoto wasiorudi tena. Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Kakonko, haikufunga kabisa. Watoto wa upande mmoja wa kilima walikuwa darasani, wa upande wa pili wakichunga mbuzi. Tanzania ilichukua njia ya katikati, na huenda siku 104 zilikuwa muda wa busara. Kugombana na tarehe si shabaha yangu. Shabaha yangu ni namna tarehe ilivyopatikana.

Walichopata walimu ni mwongozo na kibuyu chirizi. Asiyekijua kifaa hiki nimweleze, maana chastahili: ni dumu dogo la plastiki lililotobolewa, limefungwa kwenye mti mlalo, na kamba yake hushuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, ukikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika mikononi bila kuligusa. Jina lake ni shairi la silabi sita. Walimu walivitengeneza kwa mikono yao, wakaweka na sabuni ya kipande ndani ya soksi kuukuu, na wakawapanga watoto mistari. Kazi hiyo waliifanya vizuri. Ila maji ya kujaza kibuyu yalibebwa na watoto wenyewe kutoka mtoni, na hakuna kibuyu kinachoweza kupunguza watoto mia wakawa 45.

Sasa tuvuke mpaka, twende Mombasa, kisiwa kwa kisiwa. Kenya ilifunga shule tarehe 15 Machi 2020, siku mbili kabla yetu. Julai Waziri wa Elimu, George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na shule zitafunguliwa Januari 2021. Kisha Oktoba, kwa siku chache tu za taarifa, madarasa matatu yakaitwa: Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4, kuanzia tarehe 12. Vyama vya walimu Kenya vilikuwa viwili, KNUT iliyozaliwa Desemba 1957, na KUPPET ya walimu wa sekondari. Havikuwa na nguvu kamili. KNUT hasa ilikuwa imechoka kwa ugomvi na tume inayowaajiri walimu. Makato ya wanachama yalikuwa yamekatika na katibu wake mkuu, Wilson Sossion, alikuwa amefutwa katika daftari la walimu. Lakini vilizungumza. Vilidai maji, madawati, walimu wa ziada na vipimo, na kila asubuhi viliweza kufungua gazeti na kusoma tarakimu za jana za Wizara ya Afya.

Haikuchukua wiki mbili. Mombasa, shule mbili za sekondari, Tononoka na Star of the Sea, zilifungwa baada ya walimu na wafanyakazi kadhaa kupatikana na virusi. Mwezi wa Novemba mkuu wa shule ya Tononoka alifariki. Mji mzima ulijua alikufa kwa nini, gazeti liliandika, na chama kilitaja kifo hicho, pamoja na vifo vya walimu wengine katika kaunti nyingine, kilipoitaka serikali ifunge shule tena. Serikali ilikataa. Shule zote zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021.

Je, sauti ya Mombasa ilifaa nini, ikiwa shule hazikufungwa na mwalimu mkuu alikwisha zikwa? Nimelizungusha swali hili muda mrefu. Naona ilifaa kitu kimoja, nacho si kidogo. Kifo kile kilibaki na jina lake. Mjane na watoto wangeweza kusema alikufa kazini, kwa sababu ya kazi, na pakawa na rekodi ya kuwaunga mkono. Nao walimu waliobaki walijua wanachoingia nacho darasani. Chama kilishindwa kufunga mlango, lakini kilifaulu kuandika juu ya mlango ule.

Kwetu maneno yalikwenda njia nyingine. Kati ya Desemba 2020 na Machi 2021 wimbi la pili lilipita, na sisi tunaoishi kwa maneno tuliona msamiati ukibadilika mbele ya macho yetu. Tanzia zilisoma kwamba marehemu alikuwa na "changamoto ya kupumua". Neno changamoto, ambalo asili yake ni kuchangamsha, kumtia mtu ari, lilishushwa hadhi hadi kuwa jina la kifo. Barakoa, neno letu la zamani, pazia la uso la bibi zetu, lilirudi likiwa la kila mtu, kisha likawa alama ya kutoamini. Mimi kama mfasiri nimezoea kutafuta neno linalolingana na kitu. Katika miezi ile kazi ya wengi ilikuwa kutafuta neno lisilolingana nacho.

Mmoja tu miongoni mwa wakubwa alikataa. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilitangaza wazi kwamba kiongozi wake ameambukizwa korona. Alifariki tarehe 17 Februari. Watu husahau kwamba jina la Maalim halikuwa la kisiasa. Lilikuwa la kazi: alisomesha Unguja na Pemba kwa miaka kadhaa kabla ya kwenda Chuo Kikuu mwaka 1972, na baadaye akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar. Rais Magufuli naye alifariki tarehe 17 Machi 2021. Ugonjwa uliotajwa rasmi ulikuwa wa moyo. Ilikuwa mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, tangu shule zifungwe.

Nirudi Kakonko, ambako nimewaacha walimu wa aina nyingine kabisa. Katika wilaya hiyo ilikuwapo kambi ya Mtendeli ya wakimbizi wa Burundi; Kibondo ipo Nduta, na Kasulu Nyarugusu, ambayo tangu 1996 imewahifadhi Wakongo na kisha Warundi pia. Ndani ya kambi hizo kuna shule, na ndani ya shule kuna walimu ambao ni wakimbizi wenyewe, wakifundisha mitaala ya makwao. Amri ya kufunga iliwafikia nao. Malipo yao hayaitwi mshahara, huitwa posho, kwa kuwa sheria haiwahesabu kuwa waajiriwa. Asiye mwajiriwa hana chama, na asiye na chama hana hata cha kulalamikia kwamba chama chake kimenyamaza. Mwalimu wa serikali wa Nyabibuye na mwalimu mkimbizi wa Mtendeli walikuwa wilaya moja, ugonjwa mmoja, msongamano mmoja. Mmoja alikatwa asilimia mbili kwa ajili ya sauti ambayo hakuisikia; wa pili hakukatwa kitu. Mwaka 2021 Mtendeli ilifungwa, na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Walimu wao walihama nao, ubao mgongoni.

Hesabu ilianza tena kutembea tarehe 28 Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alipotaja hadharani idadi ya wagonjwa waliokuwapo nchini. Chanjo ilizinduliwa mwezi mmoja baadaye, yeye akiwa wa kwanza kuchanjwa, na ugonjwa ukapata jina rasmi la Kiswahili, UVIKO-19. Septemba mwaka huo Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567, shilingi trilioni 1.3, na tarehe 10 Oktoba mpango wa matumizi yake ukazinduliwa Dodoma. Sehemu kubwa iliingia katika madarasa: vyumba 15,000, kati yake 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, zile shule ndogo za vitongoji vilivyo mbali na shule mama. Waliosimamia ujenzi, wakahesabu mifuko ya saruji na kulala karibu na mabati yasiibwe, walikuwa aghalabu walimu wakuu. Ilipofika Desemba vilitakiwa viwe vimekwisha, na Januari 2022 watoto wakaingia.

Ndiyo nafasi ile ya mita moja, iliyokuja miezi kumi na minane baada ya kengele. Wananchi waliviita madarasa ya UVIKO. Vilijengwa imara, vikapewa sakafu ya saruji na madawati mapya, na katika kila kimoja palihitajika mwalimu.